Pa Kulala Mama Mkwe

Watu husema mimi ni mkali, na sikatai. Mjane mwenye duka na vyumba vitatu vya kulaza wageni hapa mtaa wa Munyaka, Eldoret, asipokuwa mkali, siku moja ataamka akute vyumba vimegeuka kilabu. Kwangu redio mwisho ni saa mbili. Geti linafungwa saa mbili na nusu. Mgeni haruhusiwi kuleta mgeni wake, na viatu vya visigino vinavuliwa mlangoni, maana korido yangu ni ya simiti na inatoa mlio kama karakana. Binti yangu Shiko, aliyeolewa Nakuru, aliviweka vyumba hivyo kwenye mtandao, na tangu hapo nimelaza Watanzania, Warwanda, mchungaji mmoja wa Sudan Kusini, na Mjerumani mwembamba aliyekuwa akienda Kaptagat kukimbia na wanariadha. Wote wakishaondoka huandika jambo lilelile: bei nafuu, na kwa Mama Shiko kuna utulivu. Jioni nilikuwa nikizisoma sifa hizo nikinywa chai. Zilinivimbisha kichwa, na nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani silijui.

Nelima hakuletwa na mtandao. Alikuja kwa miguu Jumatano moja, ana begi kwapani na mwavuli mkononi, na macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, kutoka milima ya upande wa Mbale, Uganda. Alikuwa amevuka mpaka siku nne kabla, na katika siku hizo nne alikuwa amejaribu sehemu tatu za kulala.

Ya kwanza ilikuwa karibu na steji ya mabasi, juu ya baa, ambapo muziki ulitikisa kitanda na wanaume walimgongea mlango wakitafuta mwanamke mwingine. Ya pili ilikuwa nyumba ya wageni ya kanisa, safi kabisa, lakini wiki hiyo kwaya kumi na mbili zilikuwa zikijiandaa kwa mashindano na zote zilikuwa zimelala hapo. Ya tatu ilikuwa chumba cha mama fulani mtaa wa Langas, ukuta mmoja na kinu cha kusaga unga. Mwishowe mwenye duka la dawa alimwambia kuna Mkikuyu mmoja Munyaka, mkali kama pilipili, lakini kwake hata panya hutembea kwa adabu.

Nilimpa chumba cha tatu, cha nyuma kabisa. Nilipokuwa nikitandika shuka nilimuuliza amekuja Eldoret kwa shughuli gani. Akasema amekuja kumwona binti yake, Lorraine, mtoto wake wa pekee, aliyeolewa Langas na fundi wa mjengo anayeitwa Mabonga. Nikasimama na mto mkononi. Mtu ana binti Langas, na anahangaika na lojing'i?

"Kwani huyo mkwe wako amekufukuza?" nikamuuliza.

"Hapana. Mabonga ni mtoto mzuri," akasema. "Lakini mimi siwezi lala kwa nyumba yake. Mama mkwe halali pale binti yake analala na bwana yake. Wao ni Wabukusu, sisi ni Wagisu, lakini hilo ni moja kwetu sote. Na nyumba yenyewe ni rumu moja, Mama Shiko. Ukiingia tu, kitanda hiki hapa."

Mabonga alikuwa amejitolea kwenda kulala kwa rafiki yake ili mama mkwe apate nafasi. Nelima alikataa, kwa sababu kitanda kingebaki kuwa cha Mabonga, awepo asiwepo. Nikacheka. Nilimwambia mila haipashi mtu joto na kwamba sisi kwetu mambo kama hayo tuliyaacha zamani. Yeye hakucheka. Alikunja kitenge chake, akakiweka juu ya begi, akaniuliza maji ya kuoga yako wapi.

Siku zilizofuata nilimjua zaidi, maana jioni alikuja kukaa nami jikoni. Lorraine alikuwa na mimba ya miezi minane na presha yake ya damu ilikuwa inapanda. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu haviingii. Daktari alikuwa amemwambia alale tu, na kwamba kichwa kikimuuma sana au macho yakiona giza, aende hospitali wakati huohuo, asingoje chochote. Miaka miwili iliyopita alikuwa amepoteza mtoto wa kwanza mezani pa upasuaji. Siku hiyo Nelima alikuwa kwao mlimani, barabara imekatika kwa maporomoko, akafika Eldoret mtoto ameshazikwa. Lorraine alimwambia mama yake neno moja tu: kwamba alimwita sana. Tangu hapo aliapa hataingia tena kwenye chumba kile bila mama yake kumshika mkono, na Nelima naye akaapa kwamba safari hii atakuwepo. Hilo ndilo lililomtoa Uganda na begi moja, na hilo ndilo alilokuwa akiliwaza usiku na mchana.

Basi kila asubuhi, Mabonga akishaenda mjengo, Nelima alipanda gari hadi Langas. Alimwosha binti yake, akampikia, akamkanda miguu. Kabla ya saa kumi na moja na nusu alikuwa ameondoka, ili wasikutane. Siku moja alichelewa wakakutana barabarani. Mabonga aliacha njia, akaingia kwenye mahindi ya watu na kugeukia upande wa pili mpaka mama mkwe alipopita. Nelima aliponisimulia nilicheka tena, nikasema huyo kijana angegongwa na nyoka kwa ajili ya heshima. Jumapili, kwa kuwa Mabonga alishinda nyumbani, Nelima hakwenda kabisa.

Lakini kulala hakulala. Hata kwangu, pamoja na utulivu wangu wote, nilimsikia akigeuka kitandani, akiamka kutazama simu, akilala, akiamka tena. Jumapili ya pili alirudi kutoka misa ya kwanza akiwa anayumba. Nilimwona akishika ukuta wa korido, nikaogopa kwamba ni yeye sasa tutampeleka hospitali. Nikampa uji, nikamwambia aende akalale mpaka jioni.

"Na Lorraine akipiga?" akauliza.

Vyumba vya nyuma havikuwa na stima siku hiyo, fezi moja ya umeme ilikuwa imepotea tangu Ijumaa, na simu yake ilikuwa karibu kuzima. Nikamwambia anipe niichaji jikoni.

"Wewe lala," nikamwambia. "Leo hata malaika akibisha hapa nitamwambia arudi kesho."

Hayo ni maneno yangu mwenyewe. Hakuna aliyeniomba niyaseme. Nelima alitabasamu, akanipa simu, na kabla sijamaliza kufunga pazia alikuwa ameshaanza kukoroma.

Karibu saa sita na nusu simu ililia. Ilikuwa na wimbo wa tarumbeta, wa kuamsha mtaa mzima. Nilikimbia kutoka dukani nikabonyeza ikanyamaza. Niliona jina la Lorraine. Nikasema moyoni, mtoto anamsalimu mama yake Jumapili, atapigiwa jioni. Nikaiweka isitoe sauti, nikaifunika kwa kitambaa juu ya friji. Sikuwa na nia mbaya. Nilifurahi, kusema kweli. Nilijiona kama mtu anayelinda kitu cha thamani, na kitu hicho kilikuwa usingizi wa mwanamke aliyechoka.

Saa saba na nusu mtu akagonga geti. Nilifungua kile kidirisha kidogo. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mrefu, amevaa suruali nzuri ya Jumapili lakini viatu bila soksi, na jasho linamtiririka. Alinisalimu kwa adabu, akasema anamtaka mama mmoja aliye humu ndani.

"Mama gani?"

"Yule wa kutoka Uganda."

"Anaitwa nani?"

Akatazama chini. Nikamuuliza mara ya pili, bado kimya. Nikamuuliza yeye ni nani wake.

"Mimi ni mtoto wake," akasema.

Nelima aliniambia kwa kinywa chake kwamba amezaa mtoto mmoja tu, na ni msichana. Na mwezi uliotangulia, Mrwanda wangu mmoja alifuatwa kutoka steji na mtu aliyejiita binamu yake, akaja hapahapa getini kwa upole huohuo, akaondoka na begi lenye paspoti. Matapeli wa mjini wanawanusa wageni wa nje. Nikajiambia, huyu naye ametumwa.

"Mtoto wake na jina lake hulijui?"

"Nalijua, mama, lakini..."

"Lakini nini? Huyo mama amelala. Amechoka. Haamshwi."

"Mwambie tu anahitajika nyumbani. Ni mambo ya akina mama. Mimi siwezi..." Akajifuta uso kwa mkono. "Aje tu, mama, tafadhali."

Nikamwambia arudi saa kumi. Akasema saa kumi ni mbali. Nikamwambia basi aje kesho, na nikafunga kidirisha.

Aligonga tena. Aligonga polepole, kwa kidole kimoja, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kuna mtu amelala. Sikufungua. Nilichungulia kwenye ufa nikamwona amevuka barabara, amesimama kando ya ua la kayaba la jirani, na kitu kilichonimalizia shaka ni kwamba aligeuza mgongo. Mtu mwema anayemngoja mtu, nilijiambia, hutazama geti. Huyu anaficha uso. Nikampigia Gathogo, kijana wa boda anayekaa pale kona, nikamwambia amwondoe. Gathogo alinieleza baadaye kwamba mtu huyo hakubisha. Aliuliza saa, akashika kichwa, akapanda boda iliyokuwa ya kwanza kupita. Nilirudi dukani nikauza maziwa na mkate, na nikampigia Shiko kumweleza jinsi nilivyomkomesha tapeli.

Nelima aliamka saa kumi kasoro robo. Alikuja jikoni akijinyoosha, shavu lina alama za shuka, na alikuwa amepata sura mpya.

"Mama Shiko," akasema, "tangu nivuke mpaka sijalala namna hii. Mungu akubariki."

Nikammiminia chai. Akaomba simu yake. Nikatoa kitambaa na kumpa, na nikamwona akikaa chini taratibu, bila kutazama kama kiti kipo. Simu ilionyesha kwamba alikuwa amepigiwa mara ishirini na tatu.

Lorraine hakushika. Akampigia jirani yao, Mildred, na jirani huyo alikuwa akizungumza kwa sauti kubwa hata mimi nikasikia. Kichwa kilianza kumuuma Lorraine tangu asubuhi. Akatapika, akasema haoni vizuri. Walimwambia aende hospitali, akakataa, akasema anamngoja mama yake, anampigia, atakuja. Walimsihi. Mwishowe alianza kutoka damu na akakosa nguvu za kukataa, wakambeba saa tisa.

Nilifunga duka. Ndani ya teksi Nelima alishika mwavuli wake kwa mikono miwili. Mimi nilibeba chupa ya chai, sijui ya nini. Nilianza kujiuliza juu ya yule mtu wa getini. Nikasema haiwezekani. Nikajiambia mkwe angejitaja jina, angesema mke wangu anakufa, nani hawezi kusema maneno hayo? Nilitaka kumuuliza Nelima mkwe wake anafananaje, na sikuuliza, kwa kuwa niliogopa jibu.

Tulipopanda ngazi za wodi ya akina mama, palikuwa na wanaume watatu kwenye benchi. Mmoja alituona, akainuka haraka, akasogea hadi mwisho wa korido na kugeukia ukuta ili mama mkwe wake apite. Niliujua ule mgongo. Nilikuwa nimeutazama kwenye ufa wa geti kwa dakika nzima, na sasa niliuelewa, nikaelewa pia kwa nini hakulitaja jina: bila shaka kwao mkwe halitamki jina la mama mkwe wake.

Nelima alipita. Nilipomfikia Mabonga aligeuza kichwa kidogo akaniona. Alinipisha kwa adabu ileile. Afadhali angenitukana.

Muuguzi alitueleza nje ya pazia. Mama yuko salama, alisema, ametoka theatre ya upasuaji, amewekewa damu. Mtoto alikuwa wa kiume na alitoka hana pumzi. Presha ilifanya kondo la nyuma liachie kabla ya wakati. Nelima akauliza kama wangefika mapema ingekuwaje. Yule muuguzi alikuwa mtu mzima na mwenye huruma, akasema hakuna anayejua, lakini kwa mambo kama hayo kila saa ina uzito wake.

Lorraine alikuwa amelala chali, midomo imekauka. Alimtazama mama yake.

"Ulikuwa wapi?"

Nelima alimshika mkono.

"Mabonga alikuja kukuchukua," Lorraine akasema. "Aliambiwa kwa geti umelala. Ati hutaki kuamshwa."

Hapo Nelima alinigeukia. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na ile chupa ya chai. Hakunitazama kwa muda mrefu, lakini alielewa yote, kuanzia simu hadi geti. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Naye akamgeukia binti yake kabla sijapata neno.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Ni mimi niliwaambia wasiniamshe."

Lorraine aliutoa mkono wake taratibu, akageuzia uso ukutani.

Tukiwa njiani kurudi Munyaka nilimuuliza kwa nini alisema vile. Nililia ndani ya gari la watu bila aibu. Yeye alikuwa mkavu kabisa.

"Wewe hatakusamehe," akasema. "Mimi ni mama yake. Siku moja atanisamehe." Halafu akaongeza, "Na nikisema ni wewe, leo nitalala wapi?"

Mji mzima ulikuwa na baa na kwaya na vinu, na nyumba ya binti yake ilikuwa na kitanda kimoja. Alirudi chumba cha tatu, kwa sababu hakuwa na pengine. Kila asubuhi alikwenda hospitali na uji, na kila jioni alirudi na ule uji haujaguswa. Lorraine hakuwa akisema naye. Alimjibu muuguzi, alimjibu Mabonga, lakini mama yake akiingia alifumba macho. Nelima aliniambia hayo bila kunilaumu, akiosha bakuli kwenye sinki langu, na mimi nilishindwa kula.

Siku ya nne sikuvumilia. Niliamka mapema, nikaenda hospitali kabla ya Nelima, nikamkuta Lorraine ameketi na mto mgongoni. Nilimwambia mimi ni nani. Nikamwambia simu niliinyamazisha mimi, na mama yake hakujua. Nikamwambia mumewe nilimfukuza mimi, nikidhani ni tapeli, na mama yake hakuwahi kusema asiamshwe, alikuwa amelala tu kama mtu yeyote anavyolala. Sikujitetea. Nilisema yote, hata lile la malaika.

Lorraine alinisikiliza mpaka mwisho. Mabonga alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, na Lorraine akamgeukia akamuuliza kama ni kweli. Mabonga alikaa akitazama mikono yake. Alisema ni mimi niliyeongea naye getini, lakini aliyotaka au asiyotaka mama huko ndani, yeye hawezi kuyajua wala kuyasemea. Alikuwa akisema ukweli. Hata siku hiyo hakulitaja jina.

Lorraine akanitazama tena. Sikuona hasira machoni pake, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama ndiye amekutuma?"

Nikamwambia hapana. Nikaapa kwa jina la marehemu mume wangu.

"Amekutuma," akasema. "Anajua siku ile alilala, sasa anatafuta mtu wa kumbebea lawama." Akajivuta chini ya blanketi. "Mwambie nimesikia."

Nilitoka. Kwenye ngazi nilikutana na Nelima akipanda, amebeba bakuli la uji limefungwa kwa taulo ili lisipoe. Alishangaa kuniona, akadhani nimekuja kusalimu, na uso wake ukang'aa kidogo. Akaniuliza kama Lorraine ameamka.

Nikamwambia ndiyo, ameamka, anakungoja.